Mama wa Baba Yake Linnea

Marehemu Placida Kokushubira Rwegasira, ambaye leo tumekusanyika hapa Tottenham kumzika, wengine tukiwa hatujasalimiana tangu kikao cha ukoo cha Jumatano, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 Kamachumu, Bukoba, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha akasomea uuguzi katika hospitali ya misheni ya Waswidi, alikookota Kiswidi cha kuombea maji na cha kukemea madaktari wavivu.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Felician Rwegasira, mgane aliyekuja na mtoto wa miaka miwili, Gervais, naye akampokea, akambeba mgongoni, kisha Mungu akamjalia Adelina na Deogratias.

Mwaka 1991 familia ilihamia London, marehemu akatunza wazee kwenye care home hadi alipostaafu mwaka 2016. Gervais alikwenda kusoma Uppsala, akaoa huko, na mwaka 2004 akampata Linnea, ambaye tangu ajue kusema alimwita marehemu farmor, maana Waswidi hawana bibi wa jumla kama sisi, mama wa mama ni mormor na mama wa baba ni farmor. Marehemu alilipenda jina hilo kupita kiasi, hata watu wa council wakipiga simu aliwajibu kwamba wanaongea na Farmor.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Mwezi Januari 2025, daktari aliposema waingie wodini watoto tu, Deogratias alimwambia nesi kwamba Gervais ni wa kambo, Gervais akabaki korido na binti yake, huku marehemu akitazama mlango kila ulipofunguka. Linnea aliingia bila ruhusa, akamwambia nesi kwamba huyu ni mama wa baba yake, na baba yake yuko nje. Gervais alipoletwa, marehemu alimshika mkono, akamwambia Deogratias, kwa sauti ndogo waliyoisikia wote waliokuwamo, kwamba siku ya maziko kaka yake ndiye atakayetangulia kuweka shada. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 14.

Tangu hapo ukoo umevutana, wengine wakisema damu ni nzito kuliko maji, wengine wakijibu kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wapo waliotaka sehemu hii isisomwe. Inasomwa. Marehemu ameacha watoto watatu, Gervais, Adelina na Deogratias, na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku zote hizi, na wenzake wa kazini. Sasa wanaitwa watoto kuweka shada, wa kwanza ni Gervais, Deogratias amfuate kaka yake, kisha Adelina.

Farmor, neno lako limetimizwa, pumzika kwa amani.