Fundi Malachy na Suruali za Harusi ya Delia

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu tulimzika Malachy Devaney, fundi cherehani wetu wa Drumcorra. Alikuwa na miaka themanini na minane. Kwa miaka sitini alitushonea, amekunja miguu juu ya meza yake pale dirishani. Wengi wenu mlipokea komunyo ya kwanza ndani ya nguo zake. Ziliwasha, lakini hazikuchanika.

Leo nataka tukumbuke harusi ya Delia Gilrane, mwaka hamsini na nane. Delia alikuwa na kaka wawili. Festus, mrefu kama ngazi. Conleth, mfupi, mnene. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji, kwa sababu ya lango lililoachwa wazi, kondoo wakaingia wakamaliza kabichi. Baba yao alikwishafariki, hivyo wao ndio wa kumsindikiza dada yao kanisani. Sasa kila kaka alisema mwenzake akikanyaga kanisani, yeye haendi. Delia akaenda kulia kwa fundi.

 Malachy aliwashonea wote wawili suti za sufu, akazipeleka asubuhi ya harusi yenyewe, zimefungwa kwa kamba.

Festus akafungua yake. Koti lilimkaa sawasawa. Suruali iliishia chini kidogo ya magoti. Nyumba ya ng'ambo ya barabara, Conleth alikuwa anaburura yake sakafuni. Suruali nyingine walizokuwa nazo zilinuka zizi. Wakatoka, kila mmoja na suruali mkononi. Wakakutana katikati ya barabara, makoti mapya juu, nguo za ndani chini, na padri anapita na baiskeli.

Festus ndiye aliyeanza. "Nadhani una suruali yangu."

"Ninayo. Nimeikanyaga kidogo."

Wakabadilishana. Kisha Festus akasema, "Lile lango, ni mimi niliyeliacha wazi."

"Najua," Conleth akamwambia. "Vaa kwanza."

Delia aliingia kanisani na kaka huku na kaka huku.

Binti wa marehemu, Attracta, aliniambia kwamba mwaka jana alimuuliza babake kama siku ile alichanganya vifurushi kwa bahati mbaya. Mzee alikasirika kwelikweli. "Unadhani mimi sijui miguu ya watu?"

Attracta, pole sana, wewe na jamaa wote. Tumempoteza mtu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama kuna ndugu mliyenyamaziana naye, vukeni barabara leo. Angalau mtakuwa mmevaa.