Mayai Ishirini, Vifaranga Sifuri

Ukiatamisha mayai ishirini, utapata vifaranga wangapi? Usijibu haraka. Swali hili limekaribia kuvunja undugu kijiweni petu, kwenye benchi la nje ya duka la kinyozi. Mashine ya kutotoleshea ya Mama Vifaranga inakaa humo dukani, maana kwake umeme ni wa kubahatisha. Mayai huletewa na wifi yake, na kwa kawaida kila kumi hutotoa manane hivi. Safari hii halikutotoa hata moja. Mama Vifaranga alitukuta kwenye kahawa akiwa keshajifunga kibwebwe: anakwenda kumwambia wifi, mbele ya ukoo mzima, kwamba amemuuzia mayai mabovu na wasijuane tena.

Fundi Viatu alilaumu greda lililopita barabarani, kisha jogoo, kisha macho ya majirani. Kinyozi, ambaye huongea mpaka kahawa inampoa, akaja na lake: yai la kwanza liligoma, mengine yakafuata mkumbo.

— Mayai hayana chama, nikamwambia. Kila moja linapambana na hali yake.

— Msomi, akadakia Fundi Viatu, si manane kwa kumi? Basi kumi na sita yetu yako wapi?

Nikamweleza kwamba kumi na sita si ahadi. Hesabu hii inasimama juu ya mambo mawili tu: umeweka mayai mangapi, na kila moja lina nafasi gani ya kutotoa. Leo utapata kumi na manne, kesho kumi na manane, na wala hujaibiwa. Lakini sifuri? Hiyo utaisubiri mpaka vitukuu wako waote mvi.

— Basi nafasi ilishuka, akasema Mama Vifaranga. Mayai ni mabovu.

— Yote kwa mpigo? Wifi yako huyakusanya banda hili matatu, banda lile manne. Mabanda yote hayaharibiki wiki moja. Kuna kitu kimoja kimeyagusa yote yakiwa pamoja.

— Yalikuwa pamoja kwenye kapu lake. Nakwenda.

Alikuwa ameshavuka mtaro Kinyozi alipomwita.

— Dada, rudi ukae. Ijumaa walikuja wale wa harusi, wakakataa mkasi na wembe, na soketi ya dukani ni moja. Nilichomoa mashine yako, nikachomeka ya kunyolea. Nikakumbuka Jumatatu.