Wetu na Baki: Kumuaga Bi Asmahani wa Meza ya Oda

Bi Asmahani Shaib anastaafu tarehe 30 Juni 1999, baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka ishirini na sita, yote katika meza ya oda. Nimeombwa kuandika haya kwa sababu ghala ninalolisimamia liko nyuma ya meza yake, na kwa muda wote huo nimesikia kila alichosema kwenye simu, nitake nisitake.

Alianza kazi mwaka 1973, tukiwa bado shirika la umma, akitokea Pangani na cheti chake cha upigaji chapa. Mwanzoni kazi ilikuwa ya kawaida. Kufikia 1982 ikawa nyepesi kupita kiasi, maana hapakuwa na cha kuuza: saruji hakuna, misumari hakuna, majembe kwa kibali. Kila asubuhi Bi Asmahani alitundika kibao alichokiandika kwa chaki, "Leo hakuna". Alipochoka kukiandika upya, alimwomba fundi akipake rangi ya mafuta, na neno "leo" likaondolewa. Alizoea hata kupokea simu kwa kusema "hakuna" kabla hajajua nani anapiga. Siku moja alikuwa mumewe, anaulizia chakula cha mchana.

Milango ya biashara ilipofunguliwa, bidhaa zikarudi, na mwaka 1994 shirika likauzwa. Wenzetu wengi walipunguzwa. Bi Asmahani alibaki, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewajua wateja kwa majina na kwa hasira zao. Wamiliki wapya walikuwa na kampuni nyingine Mombasa, yenye ghala kubwa kuliko letu, na miaka miwili baadaye wakatuletea kompyuta.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kila mgeni wa ofisi hii huchanganyikiwa nalo. Mteja akitaka kitu ambacho ghala langu halina, kinaweza kwenda kwake moja kwa moja kutoka kwingine, na kuna njia mbili. Kitu kikiwa kwa kampuni yetu ya Mombasa, tunaandika oda ya mteja tu. Kompyuta inakitengea mteja kule kule, Mombasa wanapakia, sisi tunampa mteja ankara, na Mombasa wanatuletea ankara yao kwa bei ya kindugu. Hakuna anayemwandikia mwenzake oda ya kununua. Kitu kikiwa cha kampuni isiyotuhusu, lazima kwanza sisi tukinunue: kompyuta inatoa oda ya ununuzi, mwenye mali akikubali anampelekea mteja, anatuletea ankara yake, nasi ndipo tunamwandikia mteja yetu. Kabla hajakubali, hakuna kilichotengwa. Kwa mteja njia zote mbili ni lori moja linalosimama mlangoni. Kwetu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alituambia kompyuta itauliza kama mali inatoka ndani au nje, akaondoka zake. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa ni wapi? Unapita mpaka wa Horohoro, unaonyesha hati, unafunguliwa mizigo. Ni nje. Bi Asmahani akabonyeza nje, na mimi ningebonyeza hivyo hivyo.

Aliyeumia ni Bi Kazija wa mtaa wa Mabawa, mjane aliyehamia hapa kutoka Pemba. Alikuwa ameuza mikarafuu ya urithi ili anunue mashine ya kusaga. Banda lilikuwa limeshajengwa na mwendeshaji ameshaajiriwa. Alitaka aanze kazi kabla ya Ramadhani, wakati kila nyumba inasaga mchele wa vitumbua na unga wa uji. Mashine ilikuwepo Mombasa. Tukamwambia awe na amani.

Wiki tatu zikapita. Bi Asmahani alipopiga simu, Bwana Shekhe wa ghala la Mombasa alimjibu kwa upole, maneno ambayo Bi Asmahani alinirudia alipokata simu.

"Dada yangu, mmetuandikia kama watu baki," Shekhe alisema. "Karatasi yenu iko na za watu baki, inangoja zamu. Mashine nimempa mtu wa Malindi, inapakiwa kesho."

Alfajiri ya kesho yake Bi Asmahani alipanda basi la Mombasa. Sijui alimwambia nini Shekhe, naye hajapata kutuambia, lakini alirudi amekaa mbele ya lori, mashine nyuma. Forodha iliwaweka Horohoro siku nyingi. Mfungo ulikuwa umefika nusu lori liliposimama Mabawa, na wateja wa Bi Kazija walikuwa wameshazoea kusaga kwingine.

"Sina ugomvi nawe, Bi Asmahani," Bi Kazija alimwambia. "Ila dukani kwenu sirudi."

Hakurudi. Vipuri na mikanda alinunua kwa washindani wetu. Bi Asmahani aliporipoti kwa meneja hakumtaja mtaalamu wala kompyuta, alisema amekosea. Kisha akaondoa maneno ndani na nje katika meza yake. Tangu siku ile tunasema "wetu" na "baki", na kila karani mpya anaulizwa swali moja kabla hajagusa kompyuta: huyu mwenye mali ni wetu au baki? Hatujapoteza tena mteja kwa kosa lile. Lakini mara nyingi nilimwona akikata kona asipite Mabawa mbele ya mashine ile, na iliniuma.

Wiki mbili zilizopita Bi Kazija aliingia dukani. Alitaka mashine ya kukoboa, ambayo iko kwa kampuni moja ya Dar es Salaam isiyotuhusu. Karani akavuta kiti amhudumie. Bi Kazija akampita, akaenda hadi meza ya mwisho.

"Nasikia unaondoka," alisema. "Iandike wewe kwanza."

Bi Asmahani aliandika, baki, mstari kwa mstari, huku anajifuta macho na upindo wa mtandio. Mashine ilifika Jumanne.

Bi Asmahani, tunakushukuru kwa utumishi wako na kwa kutuvumilia. Mwenyezi Mungu akupe afya, umri na utulivu nyumbani kwako. Ukipita Mabawa, Bi Kazija amesema uingie.

Zubeiri, Ghala