Mama Geji na Kilima cha Makaburini

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa nne na wa mwisho, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori. Wazazi wake walikuwa wanatafuta mtoto wa kiume wa pili. Wakampata yeye. Mama yake alisema hadharani kwamba baada ya hapo hakuona sababu ya kuendelea kutafuta. Wa kiume wa kwanza ndiye Kaka Mkubwa, yule pale mbele mwenye koti lake la kahawia la siku zote, ambaye alimbeba mgongoni mpaka alipoanza kutembea na akaendelea kumpangia maisha mpaka wiki iliyopita.

Shule ya msingi alisoma ng'ambo ya barabara, kuanzia 1965 hadi 1971. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani na hakuonekana kujali. Alirudishwa nyumbani mara mbili, zote kwa kosa moja: kufumua pindo za sare za wenzake na kuzishona upya bila kuombwa. Mwaka 1973 akapelekwa chuo cha ushonaji, na huko angalau walimwacha afumue.

Mwaka 1978 alifungua duka lake: chumba kimoja, cherehani mbili, kioo kirefu cha ukutani na pazia la kubadilishia nguo ambalo halikuwahi kufunga vizuri. Alishona magauni ya harusi. Kilichomkera ni kwamba gauni lilitoka dukani limenyooka, likafika ukumbini limekunjamana, kwa sababu maharusi walikuwa wanabanwa kwenye vigari vidogo na mashangazi watatu. Kwa hiyo mwaka 1988 alienda kununua gari. Alipofika kwa muuzaji alifungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akatandika gauni. Likalala lote bila kujikunja. "Nachukua hili," akasema. Injini hata hakuiangalia. Ndiyo lile gari jeupe refu mnalolijua wote, na kuanzia siku hiyo aliwaendesha maharusi wake mwenyewe. Jina la Mama Geji lilitokea humo. Bibi harusi analia nyuma, yeye macho kwenye geji, ile sindano ya joto la injini. Bibi harusi anacheka, yeye geji. Mmoja aliwahi kusema kwamba siku ya harusi yake hakuna aliyemwangalia kidogo kuliko dereva.

Ndoa yake ilianzia kwenye kilima hiki cha makaburini. Wakati huo ukumbi wa harusi ulikuwa huku juu, na mwaka uleule wa kwanza gari lilichemsha katikati ya mpando na bibi harusi ndani. Kutoka gereji iliyokuwa chini akaja kijana na spana na dumu la maji. Wote leo mnamwita Fundi. Akasubiri injini ipoe, akafungua bolti mbili, akatoa kidude kama kifuniko cha birika chenye spring.

"Dada, mchawi wako huyu hapa. Thamostati. Inazuia maji. Wameitengeneza kwa watu wa kwenye barafu. Sisi na joto hili, ya nini?"

"Na nani amekwambia uitoe?"

"Si gari limechemsha?"

"Limechemsha kwa sababu nimesahau kuongeza maji. Irudishe."

Hakuirudisha. Aliitia mfukoni, akajaza maji ya bomba, gari likafika, bibi harusi akaolewa. Tarehe 9 Desemba 1989 marehemu naye akaolewa, na huyohuyo mwenye thamostati yake mfukoni. Gauni alijishonea. Gari aliliendesha mwenyewe. Bwana harusi alikaa nyuma kushikilia gauni, na watu walioona wanasema alilishikilia vibaya.

Sasa hapa kuna jambo inabidi lielezwe, maana nyumba ile iliishi nalo zaidi ya miaka thelathini. Thamostati ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi unafungwa, injini ipate moto upesi. Ikishapata moto unafunguka, maji yaende kwenye rejeta yakapoe. Kwenye gari hili ukiutoa kabisa, maji mengi ya moto yanakata njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila hata kuiona rejeta. Kwenye tambarare unaweza usijue. Kwenye mpando utajua. Fundi aliamini kinyume maisha yake yote, na aliwatolea watu wengi sana. Nusu yenu hapa magari yenu hayana thamostati kwa sababu yake. Mtaongea naye baadaye, leo ni mfiwa.

Marehemu alikuwa na akili ya kulimaliza hilo siku moja, ila walikuwa wamekubaliana: cherehani yake, boneti yake. Yeye hakugusa boneti, Fundi hakugusa mkasi. Matokeo yake gari halikupanda tena kilima hiki. Kazi za huku juu alikuwa akimkodia bibi harusi gari jingine, na jioni Fundi anapewa chakula bila kusemeshwa.

Ugonjwa ulianza Machi 2024. Daktari alimweleza kwa upole kwamba moyo umechoka kusukuma damu.

"Kwa hiyo ni pampu," marehemu akasema.

"Tuseme ni pampu, mama."

"Spea yake ipo?"

"Kwa umri wako, hapana."

"Haya. Basi tushughulikie ya gari."

Alichokuwa anamaanisha kilijulikana Jumapili iliyofuata, familia ilipokaa sebuleni. Alisema siku yake ikifika hataki gari la kukodi. Anataka kupelekwa makaburini na gari lake, viti vikiwa vimelazwa. Alishajipima kwa utepe wake wa kushonea. "Mimi mfupi, naenea na nafasi inabaki."

Kaka Mkubwa alisimama. "Gari lile halipandi kile kilima! Unataka tusimame katikati ya barabara na jeneza, moshi unatoka, watu wanapita wanatuangalia? Aibu gani hiyo?"

"Mume wangu atalipandisha."

Wote wakamgeukia Fundi. Fundi akaangalia zulia. Alikuwa anajua kuliko mtu yeyote mle ndani kwamba lile gari halipandi, na sababu yake.

"Nitalipandisha," akasema.

"Basi rudisha kitu changu," marehemu akamwambia.

Ile ya zamani ilishapotea, akanunua mpya. Jumamosi moja asubuhi marehemu alitolewa kiti cha jikoni uani, akakaa na blanketi magotini kusimamia. Kwanza maji yalimwagwa injini ikiwa imepoa. Yalitoka rangi ya tofali, na matope ya kutu chini ya beseni. Fundi alitia dawa ya kusafishia na maji mapya, akawasha injini mpaka ikapata moto, akaiacha ipoe, akamwaga tena. Halafu mpira wa bomba, kuingiza huku, kutoa kule, mpaka maji yakatoka meupe. Marehemu alikuwa anayakinga kwenye glasi na kuyaangalia juani. "Bado." Anarudia. "Bado." Anarudia.

Thamostati yenyewe hakuiamini mpaka aione ikifanya kazi. Iliwekwa kwenye sufuria ya maji jikoni, wote wakaisimamia kama maziwa. Maji yalipokaribia kuchemka kile kimlango kikafunguka polepole. Marehemu akapiga makofi.

Fundi akaifunga na gasketi mpya, akajaza kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa vizuri na maji, akawasha. Baada ya muda mfupi sindano ikaanza kupanda. Ikapita katikati. Ikaendelea. Gari likachemsha palepale uani, bila kilima, bila jeneza, na Kaka Mkubwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Si nilisema?"

Fundi alizima injini, akabaki ameshika kiuno. Marehemu akamwita.

"Baba watoto. Spring umeielekeza wapi?"

"Kwenye rejeta."

"Inatakiwa ielekee kwenye injini. Maji ya moto yataifunguaje wakati imeyapa mgongo?"

Ndipo kila mtu akaelewa. Fundi huyu, na miaka yote ya gereji, alikuwa ametoa thamostati zisizo na idadi, ila hajawahi kuweka hata moja. Marehemu alicheka mpaka ikabidi apewe maji. Fundi mwenyewe akaanza kucheka, na Kaka Mkubwa akamwaga chai kwenye koti lilelile alilovaa leo.

Lilipopoa, Fundi akafungua upya, akaigeuza. Safari hii aliacha kifuniko cha rejeta wazi, hita kwenye moto kabisa, injini ikaunguruma taratibu huku hewa ikitoka kwa mapovu. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa baridi, baridi, halafu ghafla ukawa wa moto. Mlango umefunguka. Sindano ikasimama katikati na haikutikisika.

"Miaka yote hii," Fundi akasema.

"Ongeza kulanti," marehemu akamjibu. "Bado kuna hewa."

Walipanga kwenda kukijaribu kilima pamoja Jumapili ya wiki iliyofuata. Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024 asubuhi, marehemu alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Kilima hakikujaribiwa. Watu walimwambia Fundi akalijaribu gari peke yake kabla ya mazishi. Alikataa. "Tulipanga wawili," akasema, na hakuna aliyemuuliza tena.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja anayeendesha duka la kushona, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, Kaka Mkubwa, dada wawili, wapwa wengi kupita kiasi, na maharusi ambao leo ni bibi za watu.

Wasifu huu umechapwa jana, kabla ya safari. Tulichokuwa tunajua ni hiki: Fundi ataendesha mwenyewe, gia ya pili, madirisha wazi. Kaka Mkubwa amekodi gari jingine lifuate nyuma likiwa tupu, na amesema hataki maneno. Kwa hiyo atakayesoma hapa ainue macho kwanza aangalie getini. Kama gari jeupe halipo, akunje karatasi, akae, asubiri pamoja na wengine, litakuwa linapozwa. Kama lipo, asome yaliyobaki kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma:

Kaka Mkubwa, mruhusu dereva wako aende nyumbani. Dada yako amefika na gari lake. Apumzike kwa amani.