Bwana Subiri, Fundi wa Nguzo za Umeme

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli la baba yake, akiwa mtoto wa kwanza. Jina la Bwana Subiri alipewa na wafanyakazi wenzake, likamganda hadi mama mkwe wake akalitumia.

Baada ya shule ya msingi na sekondari aliingia chuo cha ufundi mwaka 1984. Huko alimshuhudia mwanafunzi mwenzake akinaswa na waya walioambiwa kuwa umezimwa. Mwili ulining'inia kwenye mkanda ukifuka moshi, na wote wakabaki kuutazama mpaka umeme ulipokatwa. Tangu siku ile marehemu hakuamini waya wowote kwa maneno ya mtu.

Alianza kazi ya nguzo mwaka 1987. Kabla ya kupanda aligonga nguzo kwa nyundo kusikiliza kama imeoza ndani. Kisha alikijaribu kijiti chake cha kupimia, kinacholia penye umeme, kwenye waya usiozimwa, ajue kuwa ni kizima, ndipo akipeleke kwenye waya wa kazi. Wenzake walimtania kwamba hata chai huipima kabla ya kuinywa. Mdogo wake, aliyemfuata kwenye kazi hiyohiyo, siku moja alipanda bila kupima. Marehemu alimvuta mguu, akamshusha, akampiga kwa kofia ngumu ya kazi mdomoni mbele ya watu. Meno mawili yaling'oka.

"Kanishtaki," alimwambia. "Maiti hashtaki."

Ndugu hao walipanda gari moja la kazi kwa miaka mingi bila kusalimiana. Lakini mdogo hakuacha tena kupima.

Tarehe 12 Desemba 1992 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Ukumbini alimzuia bibi harusi kushika kipaza sauti, akakigusa kwa bisibisi yake ya kupimia. Taa ya bisibisi ikawaka. Mshereheshaji alikitupa chini kama amekamata nyoka. Bibi harusi alimuuliza kama na yeye amempima. Alijibu kwamba yeye hakuhitaji kupimwa, alimwogopa tangu mwanzo.

Jumanne tarehe 4 Juni 2024, dhoruba iliangusha nyaya mbele ya karakana za mafundi. Mtaani inasemwa kwamba marehemu alisahau kupima. Hakusahau. Umeme wa laini ulizimwa, alipima, kijiti kikanyamaza. Alikuwa anafunga waya wa kuupeleka umeme ardhini pale fundi wa kuchomelea mageti alipowasha jenereta, aliyoiunganisha na nyaya za jengo bila kuzima swichi kubwa inayolitenga jengo na laini ya mtaa. Umeme ulirudi kinyumenyume, ukaongezwa nguvu na transfoma, ukampasua mikono. Mkanda uliungua, akaanguka huku nguo zikiwaka.

Watu walimburuta yule fundi nje, wakampiga kwa mawe na vyuma. Mmoja alileta tairi. Jenereta ilikuwa bado inanguruma, na hakuna mwingine aliyejua kuizima. Juu ya nguzo ya pili, mdogo wa marehemu alikuwa amejifunga mkanda, kijiti kikimlilia mkononi, waya uliokatika ukichapa nguzo chini ya miguu yake. Hakuna aliyeinua macho, isipokuwa marehemu, aliyelala kwenye matope ngozi ikimtoka.

"Mwacheni akazime," alisema. "Mdogo wangu yuko juu."

Fundi alitambaa ndani, damu machoni, akazima.

Marehemu alilazwa wodi ya majeruhi wa moto. Mdogo wake alimlisha uji kwa kijiko.

"Ulipima?"

"Nilipima, kaka."

"Yale meno..."

"Kula uji."

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni, adhuhuri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye hataki pengo lake lizibwe. Fundi wa kuchomelea yuko nasi hapa. Mjane ameomba akae karibu naye, na asiguswe na mtu.

Marehemu alimshusha mdogo wake kutoka kwenye nguzo mara mbili. Leo mdogo wake atashika kamba, amshushe yeye, polepole.

Apumzike kwa amani.