Uso wa Winfrida Msimbe Uliouza Maji

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani, na wageni mliopanda mlima huu kwa miguu kuanzia pale magari yaliposhindwa, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Mimi ni Fidelis, mtoto wa dada yake marehemu, na kwa kuwa kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye hubeba maneno ya ukoo, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, ikaniagiza niisome yote bila kuruka hata pale itakapomkera mtu.

Kwanza mtuwie radhi kuhusu picha iliyo mbele ya jeneza. Ni ya kitambulisho cha mpiga kura, imekuzwa mpaka imepauka, na marehemu amekunja uso kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ipo nyingine nzuri kuliko hiyo, mnaijua wote, amekinga ndoo bombani na kicheko kimemjaa usoni, lakini familia imeikataa, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Winfrida Benedikto Msimbe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 hapa hapa kitongojini Kisimbo, Mgeta, akiwa binti wa kwanza kati ya watoto sita wa mzee Benedikto Msimbe na mama Yuliana, wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafaulu vizuri, lakini nafasi ya sekondari haikupatikana, akashika jembe, na jembe hilo hakuliweka chini kwa miaka hamsini.

Alilima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta haya mnayoyaona, akibeba matenga kichwani hadi kwenye malori ya Dar es Salaam, na mwaka 1994 aliwakusanya wanawake wenzake wakaanzisha kikundi cha wakulima wa mboga, wakamchagua mwenyekiti. Wengi wenu mlimwachia mizigo yenu awauzie nanyi mkaenda zenu kulala, kwa sababu Winfrida akisema kabichi zako zimeoza njiani, basi kweli zimeoza. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, jina lake, na naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kuchukuliwa.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa takatifu na marehemu Stefano Mloka, fundi mwashi, katika kanisa letu la parokia, na wakajaliwa watoto wanne, Joseph, Innocent, Joyce, na Benedikto aliyefariki akiwa mchanga. Mumewe alifariki mwezi Juni 2009, na marehemu hakuolewa tena, akisema kwa utani kwamba mwanamume mmoja wa kumfulia alikuwa anamtosha. Ameacha watoto watatu na wajukuu tisa.

Chemchemi ya Kisimbo, kama mnavyojua, inafuata upande wa mama, na bibi yetu alipofariki mwaka 2004 uangalizi wake ulimwangukia marehemu kama binti mkubwa. Mwaka 2016 ikaja kampuni ya maji ya chupa, hii ya Tone Jema, ikiwa na wataalamu waungwana walioamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, wakaomba kuizungushia uzio chemchemi na kushusha bomba hadi kiwandani kwao kule chini barabarani, na kwa upande wao wangetujengea mabomba sita kitongojini, kazi ambayo waliiita uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Wazee waligawanyika, kikao kikavunjika mara mbili, na mara ya tatu marehemu akasimama akasema kwamba yeye miguu imemchoka kwa kubeba maji na anawaamini watu hawa, na baada ya hapo hakuna aliyebisha, kwa sababu aliyesema ni Winfrida.

Mabomba yalizinduliwa tarehe 22 Machi 2017, utepe ukakatwa, na marehemu akapewa khanga, fulana na ndoo ya bluu yenye jina la kampuni, akaambiwa akinge maji acheke, naye akacheka kwa moyo wote, kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka. Mpiga picha aliichukua furaha ile, na kabla mwaka haujaisha ikawa kwenye chupa nchi nzima, na chini yake maneno yasemayo Ukinywa wewe, na mama amekunywa.

Septemba 2018 mabomba yalikauka yote sita. Mlinzi wa uzio wa chemchemi, ndugu yetu Mwinshehe, alimfungulia marehemu lango kwa huruma yake, na kazi akaja kuipoteza kwa ajili hiyo, na marehemu akaona kwa macho yake kwamba ndani ya tangi walilolijenga humo tundu la kutolea maji ya kiwanda limewekwa chini na tundu la kitongoji limewekwa juu, hivyo kiangazi maji yakipungua, letu linabaki linaning'inia hewani na la kiwanda linaendelea kunywa. Hapakuwa na bomba lililoharibika, ndugu zangu, lilijengwa hivyo.

Desemba mwaka huo kampuni ilipewa tuzo ya kusaidia jamii, wakamchukua marehemu hadi Dar es Salaam, kwenye hoteli kubwa, wakampandisha jukwaani. Alikwenda akiwa na nia moja tu, kuyasema yale aliyoyaona ndani ya tangi mbele ya wakubwa wao. Akaanza kwa kushukuru, kama alivyolelewa, akasema anaishukuru kampuni kwa kutujengea mabomba, lakini, na alipofika kwenye neno hilo lakini, mshereheshaji akapiga makofi, ukumbi mzima ukapiga makofi, muziki ukafunguliwa, na kipaza sauti kikaondoka mkononi mwake. Kwenye runinga ilioneshwa shukrani peke yake, na watu wa Kisimbo waliiona wakiwa wametoka kuchota maji bondeni.

Kuanzia hapo nanyi mnajua, na sitaremba. Ilisemwa kwamba Winfrida kahongwa, kala na matajiri, kauza chemchemi ya mama yake. Kikundi alichokianzisha kilimvua uenyekiti bila kumwita kikaoni. Alipokwenda msibani alipokelewa vizuri, akapewa kiti akakaa na wageni, na mwiko wa kupikia hakupewa tena, na mwanamke wa Mgeta ambaye hapewi mwiko msibani anajua amewekwa wapi. Alijieleza, akachekwa, kwa kuwa uso wake ulikuwa kwenye kila chupa iliyorudi huku milimani na mafuta ya taa, na maziwa, na dawa ya kunyunyizia mboga, na usoni pale yeye anacheka. Akajenga tabia ya kuokota kila chupa aliyoikuta njiani, anaikwangua karatasi kwa ukucha wa dole gumba, halafu anaiacha. Watoto walimwita mwendawazimu, na hatukusikia mzazi akiwakemea.

Mwaka 2022 alikuja binti Nasra, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Morogoro, akiwa na utafiti juu ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii na athari zake katika utendaji wa kampuni, na dodoso lenye maswali ya kujibu kwa namba, moja hadi tano. Marehemu aliyasikiliza yote, akamuuliza lipi linauliza kama maji yanatoka, na halikuwepo. Mwaka uliofuata Nasra alirudi kumweleza matokeo, jambo ambalo watafiti wengine hawalifanyi, akamwambia kwamba athari ipo na ni kubwa, tangu uso wake uwekwe kwenye chupa mauzo yamepanda kila mwaka na wawekezaji wamefurahi. Marehemu akauliza mabomba yameonekana wapi humo, naye Nasra, machozi yakimlengalenga, akajibu kwamba yalihesabiwa yaliyojengwa, hayakuhesabiwa yanayotoa maji. Marehemu akasema basi kampuni imepata ilichokitaka, akamkaangia mgeni wake njegere.

Mwezi huo huo alipanda lori la mboga, akakaa juu ya kabichi akiwa na miaka sitini na mitano, hadi ofisini kwao mjini, kuomba kitu kimoja tu, uso wake uondolewe kwenye chupa. Hakudai fidia. Meneja alimpokea kwa heshima, akampa soda, akamweleza kwamba haiwezekani, kwa sababu wateja wanamwamini. Marehemu akamjibu kwamba waliomwamini ni watu wa Kisimbo, na hao ameshawapoteza, akaiacha soda mezani, akarudi.

Tarehe 11 Oktoba 2024, mabomba yakiwa makavu, marehemu alishuka bondeni kuchota maji, akatumia ndoo ile ile ya bluu kwa kuwa nyingine hakuwa nayo, na wakati wa kupanda aliteleza akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji hospitalini mjini Morogoro, akarudi nyumbani Desemba, lakini hakusimama tena, na tarehe 24 Februari 2025 alirudishwa wodini akiwa na nimonia. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha pili aliletewa maji, akaitazama chupa, akamtazama na yeye, akamuuliza mama si wewe huyu, na marehemu akajibu kwamba hapana, huyo ni mtu mwingine. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Joyce.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia. Tunawashukuru vijana waliombeba kwa machela hadi barabarani, kwani walimbeba bila kuuliza habari za chupa. Tunamshukuru Mwinshehe, tunamshukuru Nasra ambaye amekaa pale nyuma. Kina mama wa kikundi, tangu jana mmekamata sufuria zote na mmepika vizuri sana, tunawashukuru, ila angefurahi zaidi kama mngempa yeye mwiko akiwa hai.

Na tunawashukuru wawakilishi wa Tone Jema, mliokuja na fulana zenu na kamera yenu na katoni za maji kwa ajili ya waombolezaji. Maji tumeyapokea, kwa kuwa ni ya Kisimbo na tunaijua ladha yake tangu utotoni. Wote mlioshika chupa zile, mtaona hazina karatasi. Wajukuu wake tisa wamekaa tangu alfajiri wakizikwangua kwa kucha, moja moja, na kikapu cha nyuso kiko pale mlangoni, nanyi wa Tone Jema mtaondoka nacho.

Kuna sentensi moja marehemu hakuimaliza, na siku mbili kabla ya kufa alimwachia Joyce, nasi hatukutaka azikwe nayo. Ninaishukuru kampuni kwa kutujengea mabomba, lakini maji hayatoki, na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tukubali, kwa hiyo naomba mtuletee maji au mnirudishie uso wangu.

Msipige makofi.

Mama mkubwa Winfrida, maji bado hayatoki, ila uso tumekurudishia. Pumzika nao kwa amani.