Lidwina Luambano na Maji ya Bondeni

"Mbona watoto wa bondeni wanakojoa damu, na wa huku juu Matogoro hawakojoi?" Swali hilo aliliuliza marehemu kwenye mkutano wa kijiji, Jumamosi tarehe 12 Agosti 1989, mbele ya watu wazima zaidi ya mia, na mwenyekiti, baada ya kukohoa kidogo, akasema tuendelee na mengineyo.

Ndugu waombolezaji, mama yetu Lidwina Luambano alizaliwa tarehe 3 Mei 1937 hapa Matogoro, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Mzee Aloyce Luambano na Bi. Monika Komba. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi 1950, akaishia darasa la nne, si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu nyumbani uwezo ulikuwa wa kusomesha mtoto mmoja tu na mdogo wake Eusebi alikuwa mwanamume, na hilo tuliache lilale, maana leo hatukuja kugombana. Tarehe 22 Juni 1957 alifunga ndoa kanisani na Mzee Egidi Mhagama, mkulima, wakajaliwa watoto saba, wa sita akiwa Remmy, aliyezaliwa mwaka 1973, na kitinda mimba Devota, ndiye anayewasomea.

Mwaka 1968 aliajiriwa kwenye zahanati kama mhudumu wa usafi, akiosha vioo vya maabara, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuosha kitu asichokijua, alimsumbua Bwana Fulgence, mtaalamu wa maabara, mpaka akamruhusu kuchungulia kwenye hadubini, akajifunza kulitambua yai la kichocho, lile lenye mwiba mkiani, vizuri kuliko baadhi ya wenye vyeti ukutani.

Biashara huria iliporuhusiwa katikati ya miaka ya themanini, malori ya wafanyabiashara wa Majengo, mjini, yakaanza kufuata mpunga hadi shambani, mbolea ya mahindi nayo ikapanda bei, basi watu wakashuka bondeni na watoto wao, sisi tukiwemo, wakilima, wakioga na kuchota maji humohumo. Huko desturi ilikuwa kwamba mvulana akikojoa damu kwa mara ya kwanza husemwa amekua, na mjomba wake humchinjia jogoo. Mwaka 1986 Mzee Eusebi alimchinjia Remmy, na mama yetu, tusifiche, alipiga vigelegele kuliko wote. Mwaka uliofuata aliuweka mkojo wa Remmy chini ya hadubini, akauona mwiba. Alitusimulia mara moja tu, akipepeta mchele: "Nilishangilia mwanangu akiumwa, na hakuna aliyenilazimisha."

Ndiyo maana aliuliza pale mkutanoni, na alipokosa jibu hakwenda kulala, alipita nyumba kwa nyumba na kapu la chupa mpaka akabandikwa jina la Mama Mkojo, vijana wa kijiweni wakimchokoza, "Mama, leo umeleta juisi?", naye akiwajibu, "Lete ya kwako tuone kama imeiva." Kati ya watoto themanini wa shule ya bondeni, sitini na wawili walikutwa na mayai. Mwaka 1994 alipunguzwa kazini kwa barua ya mistari mitatu, utumishi wa miaka ishirini na sita, mistari mitatu, na kesho yake asubuhi alionekana njiani na kapu lake lilelile.

Mwezi Machi 1995 alimshika mkono Mzee Eusebi, akamkalisha mbele ya hadubini ya Bwana Fulgence, mzee akachungulia, akafuta macho, akachungulia tena, kisha akasema, "Kumbe, dada, huyu ndiye tuliyekuwa tunamchinjia jogoo!" Vidonge vya kichocho vilipopatikana mwezi Juni, na kwa kuwa havimezwi tumbo likiwa tupu, ni Mzee Eusebi huyohuyo aliyeamuru kila mjomba alete jogoo shuleni, watoto wakala, wakashiba, wakameza. Walipopimwa tena mwaka 1997, wenye mayai walikuwa tisa. Tisa, ndugu zangu, bila semina na bila posho.

Yeye mwenyewe, aliyesimama kwenye maji ya majaruba ya mpunga miaka mingi, alianza kukojoa damu mwishoni mwa mwaka 1996, akaficha, akitaka watoto wamalize kutibiwa kwanza, na kwa hilo tunamlaumu, wala hatutaacha kumlaumu kwa kuwa amekufa. Agosti 1997 alilazwa, ikagundulika kwamba kichocho cha muda mrefu kimezaa saratani ya kibofu, na alifariki Jumatatu tarehe 9 Februari 1998, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Remmy, ambaye leo ni mzima wa afya na baba wa mtoto mmoja. Ameacha mume, watoto saba na wajukuu kumi na wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Fulgence na wenzake wa zahanati, majirani waliobeba kuni na kulala nasi sebuleni, pamoja na wajomba wote wa bondeni. Mama, kazi umeifanya, sasa weka kapu chini upumzike, Mungu akupe usingizi wa amani.

Mwisho, tunajua mila yetu, tukitoka makaburini hushuka bondeni kunawa. Leo tunawaomba msishuke. Maji ya bomba yapo kwenye mapipa matatu pale mlangoni, na sabuni ipo. Naweni hapo, ninyi na watoto wenu.